Kapasita ya Sauti

Jumamosi, tarehe 30 Agosti. Umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, ulikuwa umekwisha, majembe yalikuwa yameshaoshwa na kuegemezwa ukutani, nami nilikuwa nimeketi sebuleni kwangu Gisenyi nikiipaka kompyuta rangi ya kucha.

Kompyuta yenyewe ni ya miaka ile nilipokuwa chuoni: sanduku moja la rangi ya maziwa yaliyochacha, kioo chake kidogo kimejengwa humohumo ndani, na kwa juu pana mahali pa kushikia, kana kwamba aliyeibuni aliamini kuwa ipo siku mtu atataka kukimbia nayo. Ni mali ya mama mkwe wangu. Alikuwa katibu muhtasi huko Goma, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na ofisi yake ilipozifuta mashine hizo aliomba apewe moja. Alipohamia kwetu aliivusha mpakani juu ya chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili ambalo vijana wa Goma hubebea viazi na makaa. Alikuwa ameifunga kwa kitenge kipya, na yeye mwenyewe alitembea ubavuni, mkono mmoja juu yake, kama anayesindikiza bibi harusi.

Leo Mama haoni. Presha ya macho imemwachia tofauti kati ya mchana na usiku, na kivuli cha mtu akisimama dirishani. Tangu hapo hakuwa ameandika neno lolote, yeye aliyekuwa akiandika barua kwa kila mtu na kwa kila sababu. Tulijaribu kumsaidia. Tulimpa simu akaipapasa, akasema, "Hii ni sahani. Mutanipa na kijiko?" Nikamletea kompyuta yangu ya kisasa, inayosoma kwa sauti. Akalalamika kwamba vitufe vyake havina mwili, kwamba herufi zimehamishwa kutoka mahali vidole vyake vilipoziacha, na kwamba mwanamke aliyemo ndani anazungumza kama mtu mwenye basi la kuwahi.

Mashine yake ya zamani, kumbe, ilikuwa na programu ya kusema. Uliandika neno, ikalitamka taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya ndoo. Kama ingesema tena, Mama angeweza kuandika peke yake na kujihakiki kwa masikio. Nilipomwahidi kwamba nikiandika badala yake sitakosea hata nukta, alicheka.

"Mwalimu, kuna mambo mutu hawezi kumuambia mutu mwingine amuandikie. Zaidi kama ule mwenye kuandika njo ule unataka kumusema."

Basi hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta: Mama aandike peke yake, bila mkono wa mtu wala sikio la mtu katikati.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa mdogo. Nilitaka kuiongezea mashine kumbukumbu, na kuweka, mahali pa diski yake iliyokufa, kibao kidogo kinachopokea kadi kama zile za kamera. Niliagiza vitu hivyo, vikafika, nikafungua mfuniko nikiimba. Uimbaji ulikoma hapohapo. Ubao mkuu ulikuwa umetoka jasho. Kapasita zake, vile vipipa vya fedha vinavyohifadhi umeme, visivyozidi punje ya dengu, vilivyolehemiwa juu ya uso wa ubao bila miguu ya kupenya upande wa pili, vilikuwa vimevuja majimaji, na pembeni mwao kutu ya kijani ilikuwa inakula njia za shaba. Ndiyo maana, tulipoiwasha mara ya mwisho, kioo kilitoa miraba kama ya ubao wa drafti na sauti haikutoka kabisa. Kuiongezea mashine hiyo kumbukumbu kungekuwa sawa na kumvisha mgonjwa suti. Kwanza ilibidi kapasita zote zing'olewe, ubao usafishwe, na mpya zilehemiwe mahali pake.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kapasita nimeifundisha miaka mingi. Huichora ubaoni kama mistari miwili mirefu, mikubwa kama mlango, na wanafunzi wa nyuma huiona vizuri. Sikuwahi kuifundisha ikiwa ndogo kiasi cha kupotea chini ya ukucha. Mikono yangu ina utulivu wa kutosha kwa chaki, na macho yangu yanahitaji miwani ili kuitafuta miwani. Kwa hiyo niliagiza kapasita mpya, kisha nikampigia wifi yangu.

Wifi, dada wa mume wangu, ana saluni ya kucha Goma. Siku nzima huchora maua kwenye kucha za watu, maua yenye petali na mishipa ya petali, na wateja wake humkabidhi mikono yao wakati yeye akizungumza bila kupumua. Alifika saa sita akiwa na mkoba wake wote wa kazi: vibano, brashi nyembamba, pamba, chupa, na ile taa yake ya duara yenye lenzi katikati.

"Mulamu!" aliita tangu nje. Hivyo ndivyo watu wa Goma wanavyoitana mashemeji na mawifi. "Ku barrière ya mupaka wameniuliza: hii taa ni ya nini? Nikasema naenda kupasua ordinateur. Ule mukubwa akaniangalia, akaangalia taa, akasema, 'Madame, pita tu.'"

"Karibu, wifi. Nashukuru sana kwa kukubali mwaliko wangu."

"'Nashukuru sana kwa kukubali mwaliko wangu!'" aliniigiza, maana mimi nililelewa Tanzania na Kiswahili changu huwachekesha wote wawili. "Mama, bibi wa redio iko hapa, anatangaza habari!"

"Muache," Mama alijibu kutoka chumbani kwake. "Tena leo amesema vifupi."

Tuligawana kazi. Mimi nilishika pasi ya kulehemia, yeye vibano. Kabla ya kung'oa chochote, niliomba chupa yake ya rangi nyekundu, na kando ya kila kapasita niliweka nukta upande wa chanya, kwa sababu vitu hivi vina upande, na ukivigeuza vinapasuka kama bisi. Alama zilizochapishwa kiwandani zilikuwa zimeliwa na kutu. Sikupiga picha. Nimewakataza wanafunzi kupiga picha ubao badala ya kuchora kwa mkono, na nukta zangu zilikuwa nzuri sana, zote za ukubwa mmoja. Wifi mwenyewe alizisifu.

Nilipogusisha pasi kwenye kapasita ya kwanza, moshi mwembamba uliinuka, na ndani yake harufu ya samaki. Sitii chumvi. Majimaji ya kapasita zilizovuja yakipata moto hunuka samaki, na kwa kuwa nyumba yetu haiko mbali na ziwa, pua haikuwa na sababu ya kuitilia shaka.

"Munakaranga sambaza?" Mama aliuliza kutoka chumbani, akimaanisha wale dagaa wa ziwa letu.

"Hapana, Mama. Ni kompyuta."

"Munakaranga sambaza, halafu munasema ni ordinateur. Mimi niko kipofu, siko muzuzu."

Tulicheka mpaka ikabidi niweke pasi chini. Mama alikuja akipapasa ukuta, akaketi kwenye kiti chake kando ya meza, akavuta pumzi ndefu juu ya ubao, akakiri kwamba sambaza ni hizo kweli, ila zimekosa chumvi. Kapasita ziling'oka moja baada ya nyingine. Wifi aliziinua kwa kibano kwa madaha na kuziangusha ndani ya kisahani, na kila moja aliipa jina la mteja wake asiyempenda. Ya mwisho ilipotoka, Mama alisema kwamba kwa kuwa samaki hawaliwi, angalau pawe na chai. Nikaenda jikoni.

Niliporudi na sinia, wifi alikuwa amesimama, taa yake ikimulika ubao.

"Angalia, mulamu! Angalia kama inang'aa! Mutu anaweza kulia wali hapa."

Ubao ulikuwa unang'aa kweli. Kutu imetoka, jasho limetoka, shaba imerudi kuwa shaba. Mkononi mwake alikuwa na pamba, na pamba ile ilikuwa ya waridi.

"Wifi," nilisema polepole. "Umesafisha kwa kitu gani?"

"Dissolvant. Ile ya kutoshea rangi."

"Na nukta zangu?"

Aliangalia pamba. Aliangalia ubao. Aliniangalia mimi.

"Lakini, mulamu, donc... mutu hapake rangi mupya juu ya rangi ya zamani!"

Ni kweli. Ni jambo la kwanza analomfundisha kila msichana anayekuja kujifunza kazi kwake: kabla ya kuanza, futa. Mikono yake ilikuwa imeona nukta nyekundu mahali pa kazi na ikafanya ilichofanya maisha yake yote. Nilijiandaa kukasirika, nikafungua kinywa, na kilichotoka ni kicheko cha aina ile inayoumiza mbavu. Yeye alikuwa ameshaketi sakafuni, pamba ya waridi kifuani, akilia kwa kucheka. Mama, katikati yetu, aliendelea kuuliza, "Ni nini? Ni nini? Muniambie na mimi!" Tulipomweleza, hakucheka kama sisi. Aliuliza jambo moja tu:

"Sasa haitasema tena?"

Swali hilo lilinirudisha kwenye fizikia. Karibu kila kapasita katika mashine kama hii, upande wake hasi umeunganishwa na sehemu moja ya pamoja, ile tunayoiita ardhi, ambayo hufika hadi kwenye bati la nje. Nilitoa kipima umeme, nikabana ncha moja kwenye bati, na kwa ncha nyingine nikagusa pedi za shaba mahali kila kapasita ilipokuwa. Kikilia, hapo ni hasi. Kilikuwa kinalia kwa mlio mwembamba wa furaha, na kwa kila mlio wifi alitingisha mabega, hata Mama akaanza kupiga makofi kwa kufuatisha. Tulilehemu kapasita mpya tukiendelea hivyo, mimi nikigusa, zile ndogo za manjano zikiketi mahali pake chini ya lenzi. Kila mara nilirudia kwamba mstari kwenye hizi mpya unaonyesha chanya, wakati weusi kwenye vipipa vya zamani ulionyesha hasi, na kila mara wifi alijibu, "Nimesikia, redio."

Ikabaki moja. Niligusa pedi ya kwanza: kimya. Ya pili: kimya. Nilirudia. Nilisafisha ncha, nikarudia tena. Nikafuata njia ya shaba kwa sindano hadi mwisho wake, nikaona inaelekea kwenye waya za spika.

"Hiyo iliyobakia njo ya kazi gani?" Mama aliuliza.

"Ya sauti, Mama."

Kapasita zote zilikuwa zimejulikana upande wake isipokuwa ile moja ambayo kwa ajili yake tulikuwa tumeanza. Haikuwa imeunganishwa na ardhi upande wowote. Kazi yake ni kusimama katikati ya njia na kuruhusu sauti ipite. Nilikuwa na nafasi sawa ya kupatia na ya kuiunguza.

"Tubahatishe?" wifi alinong'ona.

"Hapana."

"Basi muiwashe vile iko," Mama alisema, kwa hasira kidogo. "Bila ile. Nijue kama iko muzima ao tunasumbukia maiti."

Nilitaka kumweleza kwa nini hilo halina maana, na nikiwa katikati ya sentensi nikagundua kwamba lina maana kubwa. Mashine ikiwaka bila kapasita ile, pedi zake mbili zingekuwa wazi, na ningeweza kuzipima. Yenye volti nyingi zaidi ndiyo chanya. Nilimbusu Mama kwenye paji la uso. Alijifuta.

Tulirudisha ubao mahali pake, na pamoja nao kumbukumbu mpya na kibao chenye kadi niliyokwisha kuipakia programu zake zote, tukaacha mfuniko wazi. Nikabonyeza swichi. Kioo kilibaki cheusi kwa muda ambao sikuupenda, kisha kikawa kijivu, kisha bila mraba hata mmoja kikawa cheupe na safi, na picha ikatokea. Wifi alipiga kigelegele kilichowafanya majirani wachungulie. Alinishika mikono tukazunguka meza, tukazunguka tena, viti vikaanguka.

"Imewaka?" Mama aliuliza.

"Imewaka, Mama! Inawaka vizuri kabisa!"

Alikuwa ameinama mbele, sikio lake karibu na kioo. Aliweka kiganja juu ya sanduku, akakiacha hapo.

"Nasikia moto tu," alisema.

Tuliacha kucheza. Sisi tulikuwa tumeona. Yeye hakuwa amepata chochote bado.

Nilichukua kipima umeme, nikaweka mkono wa kushoto mgongoni, kwa sababu bomba la kioo cha zamani huhifadhi umeme mkali, na mtu anayelikaribia kwa mkono mmoja ana uwezekano mdogo wa kuupitisha kifuani.

"Unapima umeme ao unasalimia muheshimiwa?" wifi aliuliza, lakini kwa sauti ya chini, na alikuwa ameshika bega la Mama.

Pedi ya kulia: karibu sifuri. Ya kushoto: volti kadhaa, thabiti, bila kuyumba. Nilizima, nikachomoa waya, nikaandika matokeo kwenye karatasi kwa kalamu ya wino, na karatasi nikaiweka mbali na chupa zote za wifi. Nilipohakikisha mashine imetulia, tulitoa ubao, wifi akashika kapasita ya manjano kwa kibano, mstari ukiangalia kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu afike alikaa kimya kabisa. Nikagusa pasi upande mmoja, kisha upande wa pili. Tukarudisha ubao. Nikabonyeza swichi.

Mashine iliimba. Ulikuwa mlio mmoja tu, mpana, kama mtu aliyeweka viganja vyote viwili kwenye kinanda cha kanisani, na Mama aliruka kwenye kiti akashika kifua.

"Ah! Iko hapa! Iko hapa!"

Nilifungua programu ya kusema, nikamsogezea kibodi. Vidole vyake vilitafuta kingo, vikapanda, vikatulia kila kimoja mahali pake, na uso wake ukabadilika. Ulikuwa uso wa mtu anayejua kazi yake na ambaye ana mkutano saa nane. Aliandika kwa kasi ambayo mimi sina. Mashine ikafikiri kidogo, kisha ikatamka, kwa matamshi ya mgeni aliyeshuka ndege asubuhi hiyo:

"Habari ya siku mingi."

Mama alicheka mpaka machozi. Wifi alikuwa anaruka. Mimi, sijui nilikuwa nafanya nini. Naambiwa nilikuwa nimebeba birika. Mama aliandika tena, safari hii polepole, akitabasamu, na mashine ikasema, neno kwa neno, kutoka ndani ya ndoo yake:

"Mwalimu na mupaka kucha, mutoke inje. Ninataka kuandika."

Tulitoka. Tuliketi kwenye ngazi za mbele tukiegemeana, wifi na harufu yake ya dissolvant, mimi na harufu ya sambaza, na kutoka ndani tulisikia vitufe vikilia kama mvua juu ya mabati. Tulitega sikio tusikie anaandika nini. Mama, aliyekuwa anatujua, akapunguza sauti.

Wiki chache baadaye alikwenda kukaa Goma kwa wifi, na mashine ikaenda naye. Kutoka huko barua zilianza kufika. Wifi huichomoa kadi, naye kijana wa sekretaria, duka la uchapaji la jirani, huzichapisha, mradi Mama awe amesimama pale akihesabu karatasi. Yangu ilikuwa na kurasa mbili. Hii ndiyo barua niliyompelekea kuijibu.

"Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika salama, imekunjwa vizuri kwa mkono wako, na nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kabla hata ya kuvua viatu. Hakuna kosa la herufi. Nimetafuta kwa makusudi.

Barua zako nyingine pia zimefika. Paroko amenisimamisha baada ya misa akaniuliza kama ni kweli unaona kwamba kwaya yake inaimba kama watu wanaosukuma gari. Nilimjibu kwamba ni kweli unaona hivyo. Yule bwana anayetuuzia nyama huko Mahoko ameibandika yako ukutani, sehemu ya sifa tu. Sehemu ya mizani ameikata. Mwanao anakusalimu. Ile uliyomwandikia yeye hataki kunionyesha, na amekuwa akiosha vyombo tangu Jumanne.

Sasa nijibu ukurasa wa pili. Nilipanga kuandika kwa mkono kama ilivyo desturi yangu, nikakumbuka kwamba wifi ndiye angekusomea. Kwa hiyo barua hii haina karatasi. Iko kwenye kadi niliyoifunga katika bahasha. Iweke mwenyewe, mwombe wifi aende saluni, punguza sauti, na mashine itakusomea. Itanitamka vibaya, nivumilie.

Umeniuliza kama nilikuwa nimechoka nawe, na kama ndiyo sababu sikubisha uliposema unakwenda Goma. Mama, hapana. Sikubisha kwa sababu nilidhani wewe ndiye uliyechoka na sisi, na niliona aibu kuuliza, maana jibu ungelitoa mbele ya watu wote. Nimefurahi mno kwamba umeuliza wewe. Nyumba ina kimya ambacho sikukiomba. Jana nilitayarisha chai ya watu watatu, nikainywa yote kwa ukaidi, nikakosa usingizi.

Kaa kwa wifi kadiri unavyopenda, kwa kuwa naye anakufurahia, ingawa hatakwambia. Lakini ukitaka kurudi, usingoje nikualike. Niandikie siku na saa tu, nitakuja kukupokea ku barrière. Umesikia, nimesema 'ku barrière'. Usimwambie wifi.

Mkweo."